Wananchi Sitini na Wanne

Mswada uliotaka kukifunga chumba cha Ayuma ulimfikia mtaani Kware katika gazeti lililofungia mandazi. Aliyeyanunua ni Hikma, mama yake Junaid, ambaye kila alfajiri kabla ya kwenda kushona kola za mashati kiwandani alimwachia Ayuma mtoto, mfuko wa nepi na mandazi mawili ya chai. Asubuhi hiyo alikwisha kugeuka kuondoka, mara akarudi, akalinyoosha lile gazeti lililolowa mafuta juu ya paja lake, akasoma huku midomo ikimcheza.

"Mama Tiffany," akasema, "hapa wanakuongelea wewe."

Hawakuwa wamemtaja kwa jina. Tangazo lilisema bunge la kaunti limepokea Mswada wa Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo, na kwamba wananchi wote wanakaribishwa kutoa maoni Alhamisi ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa jamii. Saa nne asubuhi, wakati wenye kazi wako kazini na wenye kulea wanalea. Aliyeipanga saa hiyo ama alijua vizuri anachokifanya, ama hakujua lolote kuhusu watu anaowatungia sheria, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Ayuma alikuwa na watoto kumi na wanne katika chumba kimoja cha chini, futi kumi kwa kumi. Wa kunyonya walilala kwenye godoro ukutani, wa kutambaa walitambaa juu ya zulia la plastiki, na waliokwisha kusimama walicheza koridoni, ambako jua halijafika tangu ghorofa zile saba zijengwe. Nyuma ya pazia alilala mumewe Mulama, bawabu wa usiku huko Donholm, aliyekuwa amejifunza kukoroma katikati ya vilio. Kodi ya chumba na karo ya binti yao Tiffany, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, zilitoka kwa watoto hao. Mshahara wa Mulama ulikuwa wa unga na sukuma wiki, tena mwezi ulikuwa mrefu kuliko mshahara.

Hikma aliuchapisha mswada wote kwenye saiba, duka la intaneti, na Jumapili wakakaa sakafuni kuusoma. Ulikuwa wa Kiingereza kigumu, Hikma akawa anasoma mstari, anatafsiri mstari. Kifungu cha tisa ndicho kilichowakatisha chai. Kila kituo kiwe na uwanja wa kuchezea wenye ua, vyoo viwili vya watoto, milango miwili, na mlezi mwenye cheti kwa kila watoto sita. Asiyetimiza, afungiwe kituo. Akirudia, afungwe yeye.

"Uwanja," Ayuma akasema. "Kware hii hata maiti zetu tunazipeleka ushago huko kijijini kwa kukosa mahali."

Lakini hakuwa mtu wa kupinga kila kitu. Alimjua mwanamke mmoja ng'ambo ya barabara aliyewanywesha watoto wa watu dawa ya kikohozi ili wamlalie mchana kutwa, na hasira za kumjua zilikuwa bado zimemkaa kooni. Alijua mtoto anastahili jua. Alichotaka ni mstari mmoja tu uongezwe, na Hikma akauandika kwa peni nyekundu chini ya kifungu: kituo chenye watoto wasiozidi kumi na watano kipewe miaka miwili ya kujirekebisha. Kwa miaka miwili Tiffany angekuwa amemaliza shule. Ayuma aliukariri mstari ule akikoroga uji, akaukariri akianika nepi, hata watoto wakubwa wakaanza kuuimba bila kujua wanachoimba.

* * *

Mulama alipoambiwa, alikuwa ndiyo kwanza anavua buti za kazini. Aliketi na buti moja mkononi, akasema wasiende.

Katika geti alilolilinda, mwenye nyumba alikuwa mkubwa fulani wa kaunti, na wakubwa wana tabia ya kuongea na simu mbele ya bawabu kama vile bawabu ni nguzo. Mulama alikuwa amesikia kwamba kikao hicho kiliitishwa mara mbili na hakuna mwananchi hata mmoja aliyetokea. Bila wananchi mswada hauwezi kusonga, korti itautupa, na muda wake ulikuwa unakaribia kwisha.

"Mkikaa nyumbani, huo mswada utakufa wenyewe," akasema.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Getini."

"Getini," Ayuma akarudia, kwa namna ya kumfanya mtu ajione mdogo ndani ya sare yake. Alikuwa amechoka na busara za Mulama. Ilikuwa busara ya aina moja tu, na miaka kumi na minane ya ndoa alikuwa ameila asubuhi na jioni. "Maji yakikatwa, tunyamaze. Mwenye ploti akipandisha kodi, tunyamaze. Wakikucheleweshea mshahara, pia tunyamaze. Mara hii mimi nitaongea, Baba Tiffany."

Mulama akavua buti ya pili. "Enda basi. Lakini jina lako usiliandike mahali."

Kwa siku zilizobaki Ayuma alipanda ngazi za maghorofa ya Kware hadi magoti yakamwasha, akibisha kila mlango uliokuwa na viatu vidogo vingi nje. Walezi walimsikiliza, wakaitikia kwa vichwa, kisha wakauliza swali lile lile: watoto watabaki na nani? Hakukuwa na mama aliyeweza kukosa kazi siku moja bila kumwaga unga. Ndipo Ayuma akapata wazo lililomfanya ajivunie akili zake kwa muda mrefu, na kulijutia kwa muda mrefu zaidi. Akawaambia waende nao.

* * *

Alhamisi waliondoka Kware kwa miguu, wanawake sitini na wanne, watoto migongoni na watoto mikononi, chupa za uji kwenye mifuko ya sandarusi. Waliovuka nao barabara wakawauliza kama wamefiwa. Ayuma alitangulia, Junaid mgongoni, na ukweli ni kwamba hajawahi kujisikia mkubwa kama alivyojisikia asubuhi ile.

Ukumbi ulikuwa na viti mia mbili vya plastiki na watu wanane, na hao wanane wote walikuwa wa kaunti. Karani wa kamati ya bunge la kaunti, kijana mtanashati aitwaye Kinyanjui, alikuwa ameanza kulikunja bango la kitambaa. Alipowaona mlangoni, bango lilimponyoka. Alikuja akamshika Ayuma mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibuni kina mama, karibuni sana. Tulidhani hata leo hamji."

Yale maneno mawili, hata leo, yalipita sikioni mwa Ayuma yasitue. Aliona tu kwamba hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumpa mikono miwili.

Mezani palikuwa na daftari kubwa: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Ayuma alitia yake ya kwanza, kisha akasimama kando akiwapanga wenzake foleni. Mzee kuliko wote, Waringa, aliyelea wajukuu wa mtaa mzima na kuitwa cucu, yaani bibi, alifika mezani akaishika ile kalamu bila kuandika.

"Kwani tunasaini kabla ya kuongea?"

"Saini tu, cucu," Ayuma akamwambia. "Wajue tuko wengi."

Waringa akasaini. Wote wakasaini. Ayuma, kwa furaha ya kuona kurasa zinajaa, akauliza kama watoto nao wangeandikwa, maana sheria ilikuwa yao. Kinyanjui akacheka, wala si kwa ubaya.

"Hawa hatuandiki, mama. Asiye na kitambulisho hana maoni."

Wanawake wakacheka. Ayuma naye akacheka. Wakaombwa wasimame kwenye ngazi za ukumbi wapigwe picha kabla kicheko hakijaisha, wakasimama.

Mwenyekiti wa kamati alifika saa sita. Uji ulikuwa umekwisha, nepi zimelowa, na watoto walikuwa wameanza kulia kwa zamu, kisha kwa pamoja. Mswada ulisomwa wote, kifungu kwa kifungu, kwa Kiingereza. Ilipofika saa saba na nusu mwenyekiti akatangaza kwamba muda umebana, atasikia mtu mmoja kwa niaba ya wote, dakika mbili. Ayuma alipoinuka, akamwinulia kiganja.

"Mama, hao watoto wanaharibu kinasa sauti. Hebu watolewe nje kidogo."

Mtoto hatoki nje peke yake. Wanawake sitini na watatu waliokuja kusimama nyuma ya Ayuma waliinuka na watoto wao, wakatoka mmoja mmoja kwa kupinda migongo kama watu wanaopita mbele ya wazee waliokaa. Ayuma alibaki mbele ya viti vitupu. Junaid tu ndiye aliyebaki naye, kwa kuwa alikuwa amelala.

Na hapo ndipo malezi mema yalipomponza. Mtu aliyefundwa hawezi kusimama mbele ya wakubwa akabwaga shida yake kavu kavu. Ayuma alimsalimu mwenyekiti, akawasalimu waheshimiwa, akamsalimu karani. Akaishukuru kamati kwa kuwakumbuka watu wa Kware na kwa kuwajali watoto. Akajitaja jina, akamtaja mumewe, akasema anakotoka. Ilikuwa salamu nzuri, hata mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Alipokohoa kidogo ili aanze, kengele ikalia.

Akauvuta mstari wake wote kwa pumzi moja, kituo chenye watoto wasiozidi kumi na watano kipewe miaka miwili, akaumaliza. Kitaa chekundu cha kinasa sauti kilikuwa kimezimika pamoja na kengele, ila yeye hakujua kitaa kile ni cha nini.

"Imepokelewa," mwenyekiti akasema.

"Mmeiandika?"

"Mashine imeandika kila kitu, mama."

Nje walipewa soda na vipande viwili vya mkate kila mmoja, na nauli ndogo ikaingia kwenye simu za waliosaini. Kinyanjui alihakikisha amehifadhi namba ya Ayuma. Akamwambia yeye ni mtu wa watu. Jioni Ayuma alimweleza Mulama neno moja, kwamba imepokelewa, akalisema kwa kujidai. Mulama alifunga mkanda wa sare akaenda kazini.

* * *

Mswada ulipita baada ya miezi mitatu, bila mstari kuongezwa wala kupunguzwa. Hikma ndiye aliyeitafuta ripoti ya kamati mtandaoni, akaichapisha, akaja nayo Jumapili. Hakuketi. Aliiweka juu ya stuli, akasimama akitazama dirishani kusikokuwa na cha kutazamwa isipokuwa ukuta wa ploti ya pili.

Kwenye jalada walikuwepo wao. Ngazi za ukumbi, watoto mikononi, na Ayuma mbele kabisa akicheka meno nje, kichwa cha Junaid kikichungulia begani. Chini ya picha iliandikwa kuwa walezi wa watoto walijitokeza kuunga mkono mswada. Ukurasa wa nne ulieleza kwamba vikao viwili vya awali viliahirishwa kwa kukosa wananchi, na kwamba cha tatu kilihudhuriwa na wananchi sitini na wanne, hivyo sharti la katiba likatimizwa. Nyuma waliambatanisha daftari, jina kwa jina, sahihi kwa sahihi. Ayuma alitafuta mstari wake. Hikma akamwonyesha kwa kidole mahali alipotajwa. Palisema Bi. Ayuma wa Kware aliishukuru kamati kwa kuwajali watoto.

Salamu zake zilikuwa zimefika, nazo tu ndizo zilizofika.

Mulama aliisoma ripoti mara mbili, polepole, kama alivyosoma kila kitu. Ayuma alimngojea aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na kama angemsimanga angalau wangegombana, na katika ugomvi mtu hupata pa kuweka hasira. Mulama aliikunja ile karatasi vizuri, akamrudishia.

"Sahihi yako ndiyo ya kwanza," akasema, akaenda kulala.

Lilimchoma hadi mfupani. Usiku huo Ayuma alilia kwa aibu, na aibu ya mtu aliyejidanganya mwenyewe haina wa kuigawana naye.

* * *

Afisa wa afya aliyekuja kufunga chumba aliitwa Opicho, mtu mstaarabu wa makamo aliyevua kofia mlangoni na kuuliza habari za nyumbani. Alikuja na askari wawili wa kaunti, ambao hawakujua pa kukanyaga kwa wingi wa watoto. Opicho alipima chumba kwa futi ya chuma, akahesabu vichwa, akatazama choo cha koridoni kilichotumiwa na vyumba kumi. Aliandika bila kufurahia. Ayuma alimwambia hakujua kama sheria imekwisha kuanza kazi.

Opicho alifungua faili akatoa ile ripoti. Akaitazama picha, akamtazama Ayuma.

"Si huyu ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Basi huwezi kusema hukujua. Ulishirikishwa."

Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ulikuwa mchungu kuliko tusi. Akamnyooshea fomu ya kukiri kwamba akikutwa tena na mtoto yeyote asiye wake, ni kifungo cha miezi sita. Ayuma aliiangalia kalamu, akaweka mikono nyuma.

"Mimi sisaini kitu tena."

Opicho hakumlazimisha. Aliandika kwamba amekataa, askari wakatia sahihi zao kama mashahidi, na ikawa ni yale yale. Mama mmoja baada ya mwingine alipigiwa simu, wengi simu zao zikiwa zimeachwa langoni mwa viwanda. Watoto kumi na wanne walikaa koridoni na mifuko yao ya nepi mpaka jioni, na Ayuma akakaa nao nje ya mlango wake mwenyewe uliobandikwa karatasi nyekundu ya kaunti. Karatasi ilikataza kulea, si kulala, kwa hiyo Mulama aliendelea kulala mle ndani, ila sasa kwa ule ukimya hakupata usingizi.

Kituo kilichotimiza kifungu cha tisa kilikuwepo, huko Donholm, kina bembea na ua wa maua. Ada yake ya mwezi ilikaribia mshahara mzima wa Hikma. Akina mama wakatawanyika, huyu akampeleka mtoto ushago, yule akaacha kazi, na kuhusu wengine haikuulizwa. Hikma alimwambia Ayuma kwamba Junaid amekwenda kwa bibi yake Eastleigh. Alisema akiangalia chini, na Ayuma akadhani ni huzuni. Mwezi uliofuata Tiffany alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Ayuma akaanza kufulia watu nguo, ghorofa kwa ghorofa.

* * *

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, alipopanda ghorofa ya nne kuchukua mashuka ya mtu. Koridoni alisikia mtoto akilia, na mlezi hawezi kupita kilio bila kukipima. Hiki kilikuwa kimekwisha pita njaa, kimepita hasira, kimebaki kile cha kukwaruza koo tu. Alikifuata hadi mlango wa Hikma. Kufuli lilikuwa nje.

"Junaid?"

Kilio kikakatika ghafla. Kisha sauti ndogo, karibu kabisa na sakafu, ikasema, "Anti."

Ayuma akaweka beseni chini, akaketi. Kila kitu alikielewa kwa mara moja, bibi asiyekuwepo Eastleigh, macho yaliyotazama chini, na huruma ya Hikma, ambaye alificha ili asimtie mwenzake jela. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amefungiwa peke yake tangu alfajiri, na mama yake angerudi saa kumi na mbili jioni. Alimpigia Hikma. Simu ilikuwa imezimwa, imo kwenye sanduku la mlinzi kiwandani. Aliliangalia kufuli, akafikiria nyundo. Alifikiria pia angempeleka wapi akimtoa, kwenye chumba chenye karatasi nyekundu, na akaiona miezi sita, na Tiffany amekaa nyumbani na sare yake.

Hakuna sheria iliyokataza kukaa koridoni, kwa hiyo alikaa. Akamwambia Junaid atafute kikombe chake, anywe maji. Akamwambia asiguse stovu. Akamwimbia nyimbo zote za uji alizozijua. Vidole vinne vikatokea kwenye mwanya wa chini ya mlango, vichafu kwa machozi na vumbi, naye akavishika.

Simu ikaita. Aliipokea haraka, akijua ni Hikma.

"Mama Tiffany, habari ya siku nyingi? Ni Kinyanjui, wa kamati." Sauti ilikuwa na uchangamfu ule ule wa mikono miwili. Akaeleza kwamba wana mswada mwingine, wa mambo ya maji, kikao ni kesho kutwa na hakuna aliyejitokeza. Alikuwa amemkumbuka yeye kwanza. "Nisaidie na wale watu wako, hata thelathini tu. Nauli ipo."

Kwa kusikia sauti ya mtu mwingine, Junaid alianza upya kumwita mama yake.

"Haloo? Uko na watu hapo?"

"Niko na mmoja," Ayuma akasema. "Ana maoni. Ila hana kitambulisho."

Akailaza simu sakafuni, akaisukuma hadi kwenye ule mwanya, penye vidole. Junaid aliidhania mama yake. Akaililia kwa nguvu zote zilizombakia, akachanganya maneno aliyoyajua na asiyoyajua, njaa na giza na anti na mama. Kinyanjui aliita haloo mara tatu, kisha akakata.

Mtoto hakujua kwamba simu imekatwa. Aliendelea kuieleza, na Ayuma hakupata moyo wa kuiondoa.